Kibweta chenye komeo la siri: mwongozo kamili kwa fundi wa Mombasa

Kibweta hiki hakina tundu la ufunguo, hakina bawaba wala kitasa. Kwa nje ni kisanduku cha nakshi cha kuwekea pete, mikufu au karatasi za nyumba, chenye safu ya njumu nyeusi saba, yaani vipande vidogo vya pambo vilivyopachikwa kwenye mbao, kila ubavu. Kati ya njumu hizo, moja ya kulia na mwenzake wa kushoto ni ncha mbili za kijiti kimoja kinachopita ndani ya ukuta wa mbele. Ukibonyeza ya kulia kidogo, ya kushoto inachomoza. Ukiishika kwa kucha na kuivuta, komeo linaachia na kifuniko kinateleza kuja mbele. Ukibonyeza bila kuvuta, hakifunguki. Ukianza na ya kushoto, haisogei hata kidogo.

Wazo lenyewe si geni huku pwani. Makasha ya kale yaliyopambwa kwa njumu za shaba, yale ambayo bibi harusi alikwenda nayo kwa mumewe, mengi yana vitoto (droo ndogo) vya siri nyuma ya vitoto vya kawaida. Hapa tunatumia njumu zenyewe kuficha komeo. Ndiyo maana kazi kubwa haiko kwenye komeo. Seremala yeyote anayejua kuchimba mfuo, yaani mtaro mwembamba kwenye mbao, atalipata. Kazi iko kwenye njumu kumi na mbili za uongo, ambazo lazima zifanane na zile mbili za kweli kiasi kwamba hata wewe mwenyewe uhesabu ndipo ujue.

Mbao

Kwa mwili wa kibweta, mvule ndio wangu wa kwanza. Hauliwi na wadudu kirahisi, rangi yake inaiva vizuri na umri, na nakshi inakaa. Ubaya wake ni vumbi, ambalo linawasha pua na macho, kwa hiyo vaa barakoa. Na pia mara nyingine mvule huwa na vijiwe vya chokaa ndani yake vinavyomaliza makali ya patasi kabla hujajua kuna nini. Msaji ni mzuri pia, hasa vipande vya zamani vilivyotoka kwenye milango iliyovunjwa, lakini una mafuta: pangusa sehemu za kugandisha kwa kitambaa chenye spiriti muda mfupi kabla ya kupaka gundi, la sivyo gundi haitashika. Mwarobaini ni wa bei nafuu, na wachongaji wengi wa pwani wamehamia huko kwa sababu miti migumu ya asili imekuwa adimu. Ila nyuzi zake zinapishana, ukipiga randa upande mmoja inalainika na hatua mbili mbele inang'oka. Mwembe uache kwa kazi hii. Dumuzi wanaupenda mno.

Kwa komeo na njumu unataka mbao ngumu na nyeusi, na hapo hakuna kama mpingo. Huhitaji zaidi ya kijiti kimoja, kwa hiyo usinunue gogo. Waulize wachongaji wakuuzie kipande kilichobaki. Ushirika wa wachongaji wa Akamba kule Changamwe, ulioanzishwa 1963, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Weusi wa mpingo una faida nyingine: mwanya mwembamba unaozunguka njumu ya kweli hauonekani kirahisi dhidi ya rangi nyeusi.

Yadi zetu huuza mbao kwa inchi na futi. Nunua ubao wa inchi moja, upana wa inchi sita, urefu wa futi tano ili ubaki na ziada, kisha mwombe mwenye mashine ya randa akushushie sehemu moja hadi milimita 18, sehemu kubwa hadi 14, na kipande kidogo hadi 10. Ukishafika nazo nyumbani usianze kazi. Zilaze ndani ya chumba utakachofanyia kazi, juu ya fito ili hewa ipite pande zote, kwa wiki kadhaa. Mbao iliyoshinda nje ya yadi wakati wa masika imejaa maji, na kibweta kitakachotokana nayo kitajipinda kikaja kukuaibisha mbele ya mteja.

Vipimo

Kibweta kizima kina urefu wa milimita 240, upana 150, kimo 100. Vipande ni hivi, vyote kwa milimita:

Mbavu mbili: 240 × 100 × 14
Ukuta wa nyuma: 132 × 100 × 14
Ukuta wa mbele: 132 × 86 × 18
Uso wa nakshi: 122 × 86 × 10
Kifuniko: 231 × 132 × 14
Kitako cha plaiwudi: 207 × 131 × 6
Kijiti cha mpingo: 300 × 10 × 10
Ufito wa kufunikia komeo: 132 × 10 × 4

Pamoja na hivyo utahitaji kipande cha fimbo ya shaba cha unene wa milimita 6, sumaku ndogo ya duara ya milimita 6, skrubu moja yenye kichwa bapa, na gundi nyeupe ya mbao. Msumari wa inchi sita uliokatwa kichwa unaweza kushika nafasi ya shaba, lakini hewa ya bahari itautia kutu na kutu itaupa mpingo ukwaru. Vyombo ni vya kawaida: msumeno wa meno madogo, patasi za milimita 6 na 10, randa, drili, skwea, geji ya kuchorea, bikari, tupa na msasa. Patasi zinolewe mpaka zinyoe nywele za mkono. Mpingo hauna huruma na patasi butu.

Angalia kwamba nyuzi za mbao kwenye kila kipande zifuate urefu wake. Kwenye kifuniko hili ni la lazima, sababu utaiona mbele.

Mifuo na mwili

Laza mbavu zako mbili mezani, ndani ikiangalia juu, na uziwekee alama ya mbele, nyuma, juu na chini. Kwa kila ubavu, chimba mfuo wa kifuniko: unaanza milimita 8 chini ya ukingo wa juu, upana 6, kina 6, kutoka mbele kabisa hadi nyuma. Chimba mfuo wa kitako, milimita 6 juu ya ukingo wa chini, upana 6, kina 5. Kisha chimba nyumba ya ukuta wa mbele: mfuo wa wima, kina 5, unaoanza milimita 10 kutoka mwisho wa mbele na wenye upana wa 18. Nyumba hii isipande juu ya mfuo wa kifuniko. Mwisho wa nyuma, punguza kina cha 5 kwa upana wa 14 ili ukuta wa nyuma ukae hapo.

Ukuta wa nyuma nao unataka mfuo wa kifuniko kwenye kimo kilekile, na wa kitako. Ukuta wa mbele ni mfupi kwa milimita 14 kwa sababu kifuniko kinapita juu yake. Huu unataka mfuo wa kitako tu, na ule wa komeo tunaokuja nao sasa hivi.

Usigandishe chochote bado.

Njumu: hapa ndipo pa kutulia

Funga mbavu mbili pamoja kwa utepe, nje ikiangalia nje, ili mstari unaochora upande mmoja uweze kuuhamishia upande wa pili kwa skwea bila kubahatisha. Chora mistari miwili, mmoja milimita 18 chini ya ukingo wa juu na mwingine 28. Njumu zitakaa kati ya mistari hiyo. Kitovu cha njumu ya kwanza kiwe milimita 19 kutoka mwisho wa mbele, cha saba milimita 19 kutoka nyuma, na tano zilizobaki ugawanye kwa bikari. Jicho la mtu hugundua nafasi isiyo sawa haraka kuliko rula, kwa hiyo gawanya mpaka bikari ikiri.

Njumu ya kwanza, ile ya mbele, ndiyo ya kweli. Iko katikati kabisa ya nyumba ya ukuta wa mbele. Kwa hizo mbili, moja kila ubavu, tundu linapenya hadi upande wa pili: toboa kwa drili ya milimita 8 ukiwa umeweka kipande cha mbao nyuma ili usichane, kisha lifanye mraba kwa patasi ya 10, ukikata nusu kutoka nje na nusu kutoka ndani. Kwa kumi na mbili za uongo, chimba milimita 5 tu na uache.

Sasa kijiti cha mpingo. Kishushe kwa tupa na msasa uliobandikwa kwenye ubao bapa, badala ya randa, kwa maana mpingo hupasuka ovyo pembeni. Kinapopita kwenye matundu mawili ya kweli bila kukwama wala kucheza, simama. Kata kipande cha milimita 152 kwa ajili ya komeo. Kutoka kwenye kijiti hichohicho, kata vipande kumi na viwili vya milimita 6. Wengi hukosea hapa kwa kukata njumu za uongo kutoka ubao wa mpingo wakiwa wamelaza nyuzi. Ncha ya komeo inaonyesha kichwa cha mbao, vile vitundu vidogo vya nyuzi zilizokatwa, na inameza nta tofauti na ubavu wa mbao. Njumu kumi na mbili zikionyesha ubavu na mbili zikionyesha kichwa, mtu ataziona kwenye mwanga wa dirisha kabla hujamaliza kumsalimu. Kwa hiyo vipande vyote vikae kichwa nje. Tia tone la gundi ndani ya tundu, gonga kipande kwa nyundo ya mbao, kibaki kimechomoza milimita moja, na kesho yake ukisawazishe na mbao kwa tupa na msasa.

Baada ya hapo, chukua kisu chenye ncha kali na uzunguke kila njumu ya uongo, ukikata uzi mwembamba kati ya mpingo na mbao. Njumu ya kweli ina mwanya unaotupa kivuli chembamba. Za uongo nazo zipewe kivuli. Kazi hii inachosha na hakuna atakayekusifu kwayo, kwani ikifanikiwa haionekani.

Komeo ndani ya ukuta

Juu ya ukuta wa mbele, katikati ya unene wake wa 18, chimba mfuo wa upana wa 10 na kina cha 14, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Unabaki na milimita 4 za mbao kila upande, kwa hiyo kata kingo kwanza kwa msumeno, ndipo utoe nyama kwa patasi. Komeo litalala chini ya mfuo huu, na ufito wa milimita 4 utalifunika juu ili lisiruke kifuniko kikiwa wazi.

Kwenye ufito, tafuta katikati ya urefu. Toboa tundu la milimita 6.5 hapo, na jingine milimita 8 upande wa kushoto, ukiwa umekaa mbele ya kibweta unakitazama. Unganisha matundu hayo mawili kwa patasi na tupa upate mwanya mmoja mrefu. Mwanya huu ndio unaolipimia komeo mwendo wake: milimita 8 na nywele tu.

Kwenye komeo, katikati ya urefu, toboa tundu la milimita 6 kwa kina cha 7. Hapo ndipo kijino cha shaba kitasimama. Milimita 30 pembeni yake, upande wa chini wa komeo, chimba kitundu cha sumaku na uigandishe ikiwa imezama nywele moja tu. Chini ya mfuo, pale sumaku inapoangukia komeo likiwa limefungwa, funga skrubu mpaka kichwa kilingane na mbao. Bila sumaku, mtu akikiinamisha kibweta upande wa kushoto komeo litateleza lenyewe na siri itakuwa imetoka bila kuulizwa. Sumaku za spika ndogo za masikioni zilizoharibika zinatosha kabisa.

Unganisha sasa bila gundi: mbavu, ukuta wa mbele, wa nyuma, kitako. Pitisha komeo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Likienda na kurudi vizuri, vunja, paka gundi, unganisha tena. Usipake gundi kwenye kingo za kitako. Kiache kielee kwenye mfuo wake. Kama huna klampu, kata tyubu ya baiskeli iwe ukanda mrefu na uzungushe kwa nguvu. Pima pembe mbili za mshazari, na zikilingana kibweta kiko mraba. Gandisha ufito juu ya komeo kwa gundi kidogo sana kwenye kingo, na komeo lenyewe likiwa limetolewa nje mpaka gundi ikauke.

Kifuniko kinajichorea chenyewe

Punguza kingo za mbavu mbili na ya nyuma ya kifuniko ili chini ubaki ulimi wa unene wa milimita 6: kila ubavu upunguze milimita 6 kwa upana, na nyuma 5. Mbele usiguse. Sehemu ya juu sasa ina upana wa 120, wakati nafasi kati ya mbavu ni 122. Milimita hizo mbili si uvivu. Mbao huvimba na kusinyaa kwa upana wake, kwa urefu karibu hapana, na kwa unyevu wa huku kwetu kifuniko kilichobana vizuri wakati wa kaskazi kikiwa kikavu kitakuwa kimekwama kabisa masika yakiingia. Kwa sababu hiyohiyo nimesema nyuzi za kifuniko zifuate urefu.

Sasa mfuo wa kijino chini ya kifuniko. Ukijaribu kuuchora kwa rula utachanganyikiwa kulia na kushoto, maana kifuniko unakigeuza. Kuna njia bora. Rudisha komeo mahali pake, chukua msumari mwembamba ulionolewa, ukaze kwa kijiti ndani ya tundu la kijino ili ncha ichungulie juu ya ufito kiasi cha kugusa tu. Sukuma komeo kushoto mpaka mwisho, yaani hali ya kufunguka. Ingiza kifuniko kutoka mbele na kisukume taratibu hadi kifunge. Ncha ya msumari itakwaruza mstari kuanzia ukingo wa nyuma mpaka karibu na mbele. Kifuniko kikiwa kimefika, rudisha komeo kulia. Ncha itakwaruza mkono mfupi wa pembeni. Vuta komeo kushoto, toa kifuniko, kigeuze. Utaona herufi L ndefu imechorwa, sahihi kuliko ambavyo ungeipima.

Chimba kwa kufuata michoro hiyo, mstari ukiwa katikati: upana milimita 7, kina 5. Mkono mrefu unafuata nyuzi, kwa hiyo msumeno na patasi ya 6 vinatosha. Mkono mfupi unakata nyuzi, basi kata kingo zake kwa kisu kwanza. Pale nyuma kwenye ulimi, penye unene wa 6, kata mpaka upenye kabisa. Pengo hilo linaingia ndani ya mfuo wa ukuta wa nyuma na halionekani.

Kata shaba ya milimita 15, lainisha ncha kwa tupa, itie kwenye tundu la komeo kupitia mwanya wa ufito. Ibaki imechomoza milimita 4. Isigandishwe, ikazwe kwa mkono tu, ili siku komeo likitaka kutengenezwa uweze kuing'oa. Funga kifuniko, sukuma komeo kulia, jaribu kuvuta. Kikitetemeka mbele na nyuma kwa zaidi ya nusu milimita, bandika kipande cha ngozi nyembamba ndani ya mfuo wa ukuta wa nyuma.

Komeo likiwa limefungwa, sawazisha ncha zake mbili na mbavu. Fanya hivyo kwa msasa namba 180 kisha 240, ukizipitia njumu zote saba kwa mkono mmoja mrefu, ili zile mbili zisipate mng'aro wa peke yake.

Nakshi na kumalizia

Uso wa nakshi uuchonge kabla ya kuugandisha kwenye ukuta wa mbele, ukiwa bapa mezani. Ukitaka michoro, tembea Ndia Kuu hapo Mji wa Kale utazame miimo ya milango: mnyororo ukingoni, waridi katikati. Kwa kibweta kidogo, mnyororo mmoja wa kuzunguka na waridi moja unatosha. Nakshi ikijaa kila mahali njumu zinapotea, na tunataka zionekane. Juu ya kifuniko, karibu na mbele, chonga waridi lingine, na petali moja uichimbe chini kidogo ili kidole gumba kipate pa kushika. Wengi wakipewa kibweta hiki huanza kubonyeza maua. Waache.

Usipake vanishi. Itaziba mwanya wa komeo na kuligandisha, na hata ikikatika itaacha ukingo mweupe unaotangaza kila kitu. Mafuta ya nazi pia hapana, kwani hayakauki na baadaye hunuka. Paka mafuta ya linsidi kidogo sana kwa nje, subiri yakauke, kisha nta ya nyuki na kitambaa safi. Vitambaa vyenye linsidi usivifinyange ukavitupa kwenye pipa. Hujipasha moto na huweza kushika moto vyenyewe. Vitandaze nje kwenye kamba vikauke. Komeo, mifuo na ulimi wa kifuniko vipate nta peke yake.

Kibweta kikienda Nairobi, kwenye hewa kavu kuliko ya kwetu, kifuniko kitalegea kidogo, na hilo halina neno. Tatizo ni kinyume chake: masika makali yamevimbisha mbao, komeo limekwama, na pete ziko ndani. Usikivunje. Tafuta kijiti kigumu chembamba kuliko njumu, kisimamishe juu ya njumu ya kweli ya upande wa kulia, na gonga taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka usikie kijino kimegota mwisho wa mwanya. Kifuniko kikitoka, ng'oa kijino, toa komeo, lipitishe kwenye msasa mara mbili tatu kila upande, litie nta, na ulirudishe.